Nilitaka kumfukuza binti wa dukani, mkufunzi wa hoteli ya Dubai akaniuliza swali moja

Leo naomba mnivumilie, posti ni ndefu. Ila kama una mtu anayekusaidia dukani, au unafikiria kumchukua mtu msimu ujao, tafadhali soma mpaka mwisho. Mimi somo hili nimelilipia, wewe unalipata bure.

Kwa wageni wa ukurasa huu: niko Karatu mjini. Nauza viatu vyeusi vya kazini, soksi nzito, sweta na majaketi ya baridi. Kwa asiyepajua kwetu, Karatu ndiyo mji mkubwa wa mwisho kabla hujafika lango la Ngorongoro. Lodge nyingine ziko huku chini kwenye mashamba ya kahawa, nyingine ziko juu kabisa kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huko asubuhi ni ukungu mtupu na baridi yake haina utani. Wafanyakazi wa huko wanalala hukohuko kwenye nyumba za wafanyakazi, wanashuka mjini kwa nadra. Hao ndio wateja wangu wakubwa. Wanaona kiatu kwenye status yangu ya WhatsApp, wananitumia namba zao, wanalipa kwa simu, mimi napakia mzigo kwenye gari la lodge likishuka Karatu kununua mboga.

Kwa hiyo wengi wao hawajawahi hata kuingia dukani kwangu. Wananiamini kwa picha na kwa maneno tu, na imani ya namna hiyo ikipasuka hairudi kirahisi.

ILIVYOANZA

Mwezi wa saba, msimu umechanganya, magari ya watalii yanapita mbele ya duka kuanzia alfajiri. Mama mmoja msimamizi wa usafi wa vyumba kwenye lodge moja ya juu alikusanya hela kwa wenzake akaagiza jozi 12 za viatu vyeusi. Jozi moja 35,000, jumla 420,000. Kwa duka langu hiyo siyo oda ndogo. Siku hiyo mimi nilikuwa Arusha kufuata mzigo, dukani nimemwacha binti wa shangazi yangu. Ana miaka 19, alimaliza kidato cha nne, alikuwa na miezi mitatu kwangu.

Mzigo ukaenda. Kesho yake jioni narudi, nafungua simu nakuta moto. Jozi tatu zina shida. Mbili namba siyo. Ya tatu, naomba usicheke, miguu yote miwili ni ya kushoto. Mama wa watu ameandika kwa upole kabisa, na binti wangu amemjibu hivi: "Sisi tumetuma mlivyosema." Halafu akanyamaza.

Lile jibu likapigwa skrinshoti, likaingia kwenye kundi la wafanyakazi wa lodge. Mpaka usiku watu wawili waliokuwa wameahidi kulipa kesho walikuwa hawajibu simu.

Nililala na hasira. Asubuhi nikafika dukani nikamsema yule mtoto mpaka wapita njia wakasimama. Nikamwambia afungashe nguo zake, Jumamosi anarudi kwa mama yake Endabash. Naandika haya kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

SWALI

Wakati nafoka, dada mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amesimama mlangoni. Tumekua naye jirani, yeye amenizidi miaka kama saba. Alikuwa likizo kutoka Dubai, kaja kumnunulia mama yake soksi. Hataki nimtaje jina wala hoteli anayofanya kazi, na mimi naheshimu. Tumwite Dada tu.

Dada alianza kama mhudumu wa vyumba kwenye lodge huku juu Ngorongoro. Ikaja korona. Mnakumbuka mwaka 2020 ulivyokuwa. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni wa nje zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka mpaka kama laki sita na elfu ishirini. Karatu tuliona wenyewe: maduka ya vinyago yamefungwa, madereva wa watalii wanalima vitunguu Mang'ola. Dada naye alirudishwa nyumbani kama wengine. Mwaka 2021 Dubai walikuwa wanajiandaa na maonyesho makubwa ya dunia yaliyoanza Oktoba, hoteli zikawa zinatafuta watu, akaondoka. Kule alianza tena chini, kutandika vitanda. Leo ni mkufunzi wa idara yake. Kazi yake ni kuwapokea wafanyakazi wapya kutoka nchi mbalimbali, wengine hata lugha hawaelewani, na kuwafanya waweze kuandaa chumba ambacho mgeni analipa kwa usiku mmoja hela ambayo mimi nauza wiki nzima.

Akanisubiri nimalize kufoka. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mdogo wangu, huyu mtoto ulimfundisha lini?"

Nikamjibu haraka, "Dada, ana miezi mitatu hapa, kila siku ananiona ninavyofanya."

Akacheka. "Kumwona mtu akifanya siyo kufundishwa. Mimi nimewaona wapishi wa hoteli kila siku kwa miaka. Nipe unga na mayai sasa hivi uone kama nitakutengenezea keki yao."

Nikakosa la kusema.

KAMA HAJAJUA, ALIYEFUNDISHA NDIYE ALIYESHINDWA

Dada akavuta kiti akakaa. Akanieleza kwamba kwenye darasa lao la wakufunzi, jambo la kwanza walilofundishwa halikutoka hotelini, lilitoka viwandani Marekani. Wakati wa vita kuu ya pili, kuanzia mwaka 1940, viwanda vilikuwa vinapokea wafanyakazi wapya kwa maelfu, watu ambao hawajawahi kushika mashine. Ikabidi wasimamizi wafundishwe namna ya kufundisha, tena haraka. Mpaka vita inaisha mwaka 1945 watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wamepita kwenye mafunzo hayo. Kauli yao kubwa ilikuwa kwamba kama mfanyakazi hajajifunza, basi mwalimu hajafundisha.

Mpango wenyewe una hatua nne, na hoteli nyingi kubwa mpaka leo zinatumia kitu kinachofanana. Nimeandika kama alivyonieleza kwa mfano wa kitanda:

1. Muandae. Mtulize, muulize anajua nini tayari. Mtu mwenye hofu hasikii.

2. Muonyeshe huku unaeleza. Unatandika kitanda, unataja kila hatua na sababu yake. Siyo "kunja hivi" tu. "Kunja hivi kwa sababu mgeni akivuta shuka usiku isichomoke."

3. Afanye yeye. Mara ya kwanza anafanya tu. Mara ya pili anafanya huku yeye ndiye anakueleza wewe, pamoja na sababu. Akishindwa kueleza sababu, bado hajajua, ameiga tu. Siku wewe haupo na mambo yakabadilika kidogo, atakwama.

4. Mwachie, lakini pita kumwangalia. Mwanzo mara nyingi, halafu unapunguza. Na umwambie akikwama amuulize nani.

Nikasema kimoyomoyo, mimi nilianzia hatua ya nne, na hata hiyo niliifanya nusu. Nilimwachia tu, kupita sikupita.

NIKAANDIKA HATUA ZANGU, NIKAJIKUTA MIMI NDIYE MWENYE MAKOSA

Dada akaniambia, "Kabla hujamfukuza, niandikie hapa hatua za kutuma oda moja ya viatu, kuanzia mteja anapoandika mpaka anapokwambia nimepokea."

Nikachukua daftari nikiamini ni dakika mbili. Ndugu zangu, nilikaa saa nzima! Zilikuwa hatua 11, na nyingine nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote, nazifanya tu kwa mazoea. Halafu Dada akasema tuchukue yale makosa matatu moja moja, tutafute yalitokea kwenye hatua ipi.

Namba mbili zilizokosewa. Tukafungua simu. Yule mama alituma namba kwa ujumbe wa sauti, yuko nje, upepo unavuma. "Thelathini na saba" na "thelathini na tisa" kwenye upepo zinafanana kabisa. Nikamgeukia binti, "Sasa kwa nini hukumuuliza tena?" Akajibu akiangalia chini, "Dada, ulisema nisiwaulizeulize wateja, wanachukia." Ni kweli nilisema. Siku moja nimechoka nilimwambia hivyo, na yeye akaifanya sheria.

Viatu viwili vya kushoto. Hapa ndipo niliposhikwa na aibu. Tukapekua rafu, tukakuta boksi lingine la namba 39, ndani yake miguu miwili ya kulia. Nikakumbuka. Wiki iliyopita nilipiga picha za status, nikatoa kiatu kimoja kutoka boksi hili na kimoja kutoka boksi lile ili vipendeze vikikaa pamoja, nikavirudisha kila kimoja kwenye boksi la mwenzake. Binti alichukua boksi lililoandikwa 39 na ndani kulikuwa na viatu vya namba 39. Hakuwahi kuambiwa afungue akague mguu, kwa sababu mimi mwenyewe huwa sikagui.

Makosa matatu, na yote matatu yananirudia mimi. Lake lilikuwa moja tu, lile jibu. Na hata hilo, nani alimfundisha kumjibu mteja mwenye malalamiko?

Dada hakunisema. Alinunua soksi zake, akalipa bei kamili, hata punguzo hakuomba. Akasema atarudi kesho.

KUMPIGIA YULE MAMA

Jioni hiyo nilimpigia mama wa lodge. Dada alikuwa amenipa mpangilio wanaoutumia hotelini mgeni akilalamika: msikilize mpaka amalize, jiweke kwenye nafasi yake, omba radhi, tatua, halafu andika na uwajulishe wenzako ili lisirudie. Na akanionya kitu kimoja: mgeni hataki kujua nani kakosea ndani ya hoteli. Kwake yeye hoteli ndiyo imekosea. Kwa hiyo nisije nikasema "ni binti wangu wa dukani."

Nikapiga. Nikamsikiliza. Nikasema, "Mama, shikamoo, nimekosea, jozi tatu sahihi zinapanda kesho na gari la asubuhi, zile nyingine nitazichukua gari likishuka, hutoi hata mia." Nikamsomea namba moja moja na yeye anathibitisha.

Akanishukuru. Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, kiatu unaweza kunibadilishia. Ila wale wenzangu walinipa hela yao mkononi, wakanisimamia wote wanacheka kile kiatu. Ile aibu huwezi kunibadilishia."

Hapo ndipo nilipoelewa oda ni kitu gani. Mimi nilikuwa nahesabu jozi. Yeye alikuwa ameweka jina lake kazini.

MAMBO YA HOTELI KUBWA AMBAYO YANAFAA DUKA DOGO

Dada alirudi kesho yake, na siku mbili nyingine kabla hajaondoka. Mengine aliniambia yeye, mengine nilienda kuyasoma mwenyewe mtandaoni usiku. Nawapa yale niliyoyajaribu.

Kwanza, kikao kifupi kila siku. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana dunia nzima kwa hili: kila zamu inaanza na kikao cha dakika chache wakiwa wamesimama, wanakumbushana jambo moja la huduma na kuambiana wageni gani wanakuja. Sisi tunafanya dakika tano saa mbili asubuhi kabla ya kufungua. Oda gani zinaondoka leo, nani analalamika, kitu gani kimeisha stoo. Sisemi uongo, siku nyingine tunasahau. Siku tunayosahau huwa inajulikana ikifika saa nane mchana.

Pili, mpe msaidizi uwezo wa kutatua. Ritz-Carlton hao hao wana utaratibu maarufu: mfanyakazi yeyote, hata anayefua mashuka, anaruhusiwa kutumia mpaka dola 2,000 kwa mgeni mmoja kutatua tatizo bila kwenda kuomba ruhusa kwa bosi. Dola 2,000 kwangu ni mtaji, usiogope. Mimi nimempa binti 5,000. Mteja akiwa na shida ya chini ya hapo, nauli ya bodaboda, soksi ya kufidia, anatatua palepale, jioni ananiandikia kwenye daftari. Mpaka leo mara nyingi anatumia chini ya hiyo. Kilichobadilika ni kwamba mteja hasubiri mpaka mimi nitoke Arusha.

Tatu, neno la kwanza lisiwe "hapana". Kampuni ya Jumeirah ya Dubai, wenye ile hoteli ya Burj Al Arab iliyofunguliwa mwaka 1999, hiyo ni moja ya kanuni wanazowafundisha wafanyakazi wote: mgeni akiomba kitu, jibu la kwanza lisiwe hapana. Haimaanishi useme ndiyo kwa kila kitu. Zamani mteja akiuliza "kuna namba 44?" tulikuwa tunajibu "imeisha". Mwisho wa mazungumzo. Sasa tunajibu, "Namba 44 nategemea Alhamisi, nikuwekee? Au nikupigie picha ya aina nyingine iliyopo?" Pia kanuni yao nyingine ni kumsalimia mgeni kabla yeye hajakusalimia. Hii haitaki mtaji. Angalia inboksi yako sasa hivi uhesabu wateja wangapi umewajibu bei tu, bila hata habari za asubuhi.

Nne, andika anachopenda mteja. Kwenye hoteli hizo mfanyakazi akigundua mgeni anapenda mto mgumu, anaandika, na mgeni akirudi mwakani anaukuta. Mimi nina daftari lenye jina la mteja, namba ya kiatu, mguu mpana au mwembamba, lodge gani, gari lao linashuka siku gani. Mteja wa zamani akiandika tu "nataka vyeusi", tunamjibu "namba 40 kama ya mwanzo?" Anafurahi kupita kiasi. Daftari lenyewe nililinunua 2,000.

Tano, kagua kama mgeni. Kuna wakaguzi wa hoteli za kifahari wanaokuja kama wageni wa kawaida, wanalipa, wanalala, wanaondoka, hakuna anayejua ni wakaguzi. Forbes Travel Guide wanafanya hivyo, wanapima mamia ya vitu kabla ya kutoa nyota. Nimemwomba rafiki yangu aliyeko Babati aniagizie sweta kupitia kwa binti bila kujitambulisha, nikamrudishia hela yake baadaye. Niligundua tunachelewa kutuma namba ya gari na ya dereva, mteja anakaa gizani. Mimi mwenyewe kwa macho yangu nisingeliona hilo.

USIBEBE KILA KITU

Sasa nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hoteli kubwa ina hela ya makosa, mimi na wewe hatuna. Dada mwenyewe alinikataza kuiga kila kitu. Alisema tabasamu la kulazimishwa kwa zamu ndefu linamchosha mtu mpaka akifika chumbani hataki kuongea na mwenzake. Kule wanaishi watu kadhaa chumba kimoja. Bibi yake alifariki akiwa kazini, mazishi aliyaona kwa video ya simu. Aliniambia, "Ninyi mnaona picha zangu na majengo. Hamuoni miguu yangu jioni."

Naandika hivi kwa sababu ya jambo nililoligundua siku ya tatu. Kumbe binti wangu, tangu nilipoanza kumfokea, alikuwa anawasiliana kimyakimya na mtu anayejiita wakala wa kazi za nje. Ameahidiwa kazi ya hoteli Uarabuni, atoe kwanza laki nane ya viza na "kufunguliwa faili". Tayari alikuwa ameshamwambia shangazi auze mbuzi.

Dada alimkalisha chini, hakumtisha. Alimuuliza maswali tu. Mkataba uko wapi? Hoteli inaitwaje? Mshahara umeandikwa au umetamkwa? Kibali cha huyo wakala umekiona? Hakuwa na jibu hata moja.

Kwa hiyo wenye wadogo zenu, andikeni hili. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na inakataza kushikilia nyaraka zake kama pasipoti. Mtu akikwambia lipa ndipo upate kazi ya Dubai, hapo hapo simama. Hapa kwetu wakala binafsi wa ajira anatakiwa kuwa na kibali cha serikali. Kabla hujatoa hata shilingi, waulize TaESA, huduma za ajira za serikali. Dada alienda na mkataba wake mkononi, umeandikwa jina la hoteli na mshahara. Sisemi watu wasiende. Nasema waende wakijua.

Na nilijiuliza usiku ule: huyu mtoto alikuwa anakimbilia nini? Alikuwa anakimbia kelele zangu. Mimi nilidhani namfukuza, kumbe alikuwa ameshaondoka zamani, mwili tu ndio ulikuwa dukani.

TULIVYOANZA UPYA

Jumamosi haikuwa siku ya kurudi Endabash, ikawa siku ya darasa. Nilimwomba radhi kwanza. Siyo kitu rahisi kwetu, mkubwa kumwomba radhi mdogo, lakini nilimfokea mbele za watu. Halafu nikachukua zile hatua 11, tukaenda moja moja kama kitanda cha Dada. Nikaonyesha nikieleza sababu. Akafanya. Akafanya tena akinieleza.

Kwenye hatua ya sita, kufunga boksi, akasimama. Akasema, "Dada, hapa tuongeze kitu. Tukishakagua, tupige picha nyayo za viatu vyote viwili, kushoto na kulia na namba ionekane, tumtumie mteja kabla hatujafunga." Nilimwangalia. Mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Hatua zikawa 12.

Matokeo? Zamani sikuwa naandika, kwa hiyo siwezi kukwambia makosa yalikuwa mangapi, na hilo lenyewe ni kosa. Tangu mwezi wa nane tunaandika. Mwezi huo tulituma oda 61, zenye shida 4. Mwezi wa tisa oda 58, zenye shida 2. Mwezi wa kumi oda 70, shida 3. Hayajaisha. Ila kila moja tunajua lilitokea hatua ya ngapi, na hatubishani tena nani mjinga.

Yule mama wa lodge hajaagiza tena jozi 12. Nisingependa kuwadanganya. Mwezi wa kumi alinunua jozi mbili za soksi, akasisitiza tumtumie picha kabla. Tulimtumia. Akajibu "Nimeona, asanteni." Watu wawili walioacha kujibu simu, mmoja karudi, mmoja bado. Nimekubali.

Nimalizie na kisa kimoja. Jina Ritz mnalolisikia kwenye hoteli za kifahari ni la mtu, César Ritz, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1850 kijijini, mtoto wa mwisho kwenye familia ya watoto 13. Kwenye moja ya kazi zake za mwanzo hotelini aliambiwa kazi ya hoteli siyo yake na akafukuzwa. Mwaka 1898 alifungua hoteli yenye jina lake Paris. Sijui bosi aliyemfukuza alikuwa amemfundisha kwa siku ngapi. Mimi yangu ilikuwa sifuri.

Kazi ya leo kwako: chukua daftari, andika hatua za kutuma oda moja, kuanzia ujumbe wa kwanza mpaka "nimepokea". Usimpe msaidizi wako kwanza. Zifuate wewe mwenyewe kwa wiki moja. Ukikuta hatua unayoiruka, hiyo ndiyo ya kuanzia kufundisha.

Nimeandika hii nikiwa Arusha, nafuata mzigo wa Desemba. Duka liko kwa binti. Saa nne asubuhi ameshanitumia picha tatu za nyayo.